Gemu ikigoma kufunguka, usikimbilie kuifuta

Jumamosi moja mpwa wangu alikuja kwangu na bodaboda, CPU kaipakata mapajani, kaizungushia kanga ya mama yake isiingie vumbi. Hata maji hakunywa. "Anko, gemu haifunguki. Nimeifuta mara mbili nikaipakua upya, wapi."

Gemu yenyewe GB 38. Piga hesabu: kuipakua mara tatu ni GB 114 za bando, na anayenunua bando ni dada yangu, ambaye mpaka leo anaamini mtoto alikuwa anasoma.

"Ikigoma inakuandikia nini?"

"Kuna kidude kinatokea, nakifunga."

Nikamwambia akifungue tena, na safari hii asiguse kitu. Kikatokea: VCRUNTIME140.dll haipo. Basi. Kilichokosekana hakikuwa ndani ya gemu kabisa, kilikuwa ndani ya Windows. Angeifuta mara kumi, ingerudi ikakosa kitu kilekile mara kumi.

Faili hiyo, pamoja na ndugu yake MSVCP140.dll, hutoka kwenye kifurushi cha Visual C++ ambacho Microsoft wanakitoa bure, na hakifiki MB 30. Viko viwili, x64 na x86. Weka vyote, hata kama Windows yako ni ya biti 64, maana gemu nyingi za zamani ni za biti 32 na zinatafuta kile cha x86. Ukiona jina linaanza na d3dx9, mfano d3dx9_43.dll, hapo unatafuta kifurushi cha DirectX (sehemu ya Windows ambayo gemu huitumia kuchora picha) cha Juni 2010. Watu wengi hubisha hapa: "Mbona mimi nina DirectX 12?" Unayo, lakini 12 haiji na vile vipande vya 9, na gemu ya zamani haitaki habari za 12. Kimoja hakifuti kingine. Na tafadhali, usiende kwenye zile tovuti zinazokupa faili moja ya dll uibandike kwenye folda. Hujui imetoka wapi, na mara nyingi ukishaibandika, gemu inaanza kulalamikia nyingine.

Kuna gemu zinazokufa kimya. Unabofya, kialama kinazunguka kidogo, kinapotea, hakuna ujumbe. Hapo chapa perfmon /rel kwenye sehemu ya kutafutia. Itafunguka kalenda yenye alama nyekundu siku ambazo programu zilianguka. Bofya ya leo, soma jina la faili iliyoangusha gemu. Likiwa la kadi ya picha, kile kifaa kinachochora picha za kwenye skrini, anzia kwenye draiva, yaani programu inayokiendesha. Likiwa la antivairasi, umeshajua wa kumhoji.

Sasa nichekeni na mimi, maana nilishapoteza wiki nzima kwa kitu cha kijinga zaidi ya cha mpwa wangu.

Nilinunua deski topu ya mtumba, zile za maofisini zinazokuja kwa makontena. Gemu niliyokuwa nacheza inataka kwanza uingie kwenye akaunti kupitia intaneti. Kila nikifungua, inasema haiwezi kufikia seva. Simu, kwa intaneti ileile, inapeta. Nikazima ruta, nikawasha. Nikanunua bando la mtandao mwingine. Nikaifuta gemu (ndiyo, mimi huyuhuyu ninayewashauri). Usiku wa nne nikafungua kivinjari nitafute msaada, nacho kikasema tovuti si salama. Nikajaribu nyingine, si salama. Dunia nzima si salama? Ndipo macho yakaangukia pembe ya chini kulia: Januari 2012.

Betri ya saa ilikuwa imekufa. Ni kile kidude cha mviringo kama sarafu kwenye ubao mama, CR2032, volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiizima, saa inakula umeme mdogo unaobaki kwenye pawa saplai, kwa hiyo betri inaweza kufa na usijue. Lakini sisi tunaouogopa umeme wetu tukimaliza tunazima swichi ya ukutani, au tunachomoa kabisa. Hapo saa inaitegemea betri peke yake, na kama imekufa, kila asubuhi unaamkia 2012. Vyeti vya usalama vya intaneti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyoko 2012 ikiletewa cheti cha mwaka huu inaona bado hakijaanza kutumika, inakikataa, na gemu inakuambia seva haipatikani.

Kuibadilisha ni dakika tano. Chomoa waya wa umeme, shika kwanza chuma cha boksi, sukuma kile kibanio kidogo, betri inaruka yenyewe, weka mpya maandishi yakiangalia juu. Ila kabla ya hapo ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla ya Windows) uipige picha kwa simu, hasa ukurasa wa SATA, ule wa diski, kama mashine bado inawaka vizuri. Betri ikitoka, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, na mingine ikibadilika hapo Windows yenyewe haiwaki. Mimi sikupiga picha. Hiyo ni hadithi nyingine.

Turudi kwa mpwa wangu. Tulipoweka kile kifurushi, gemu ikapiga hatua moja, ikasimama na ujumbe mpya: kadi ya picha haifiki DirectX 11. Akaniangalia kwa matumaini, kama kuna kifurushi kingine. Nikachapa dxdiag kwenye sehemu ya kutafutia, inaonyesha vifaa vya mashine. Mashine yake ina Core i5-2400, ya mwaka 2011, na picha zinatoka kwenye Intel HD Graphics 2000 iliyomo ndani ya prosesa. Hiyo mwisho wake ni DirectX 10.1. Hakuna draiva itakayoipandisha, hakuna fundi. Kizazi kilichofuata, cha 2012, ndicho kilichoanza kufika 11. Hii ndiyo sababu nawaambia watu wanaokwenda kununua CPU za mtumba kwa ajili ya gemu wasiridhike na neno "i5". Uliza i5 ya kizazi gani.

Dawa yake ni kadi ndogo ya picha. GT 1030 inakula wati 30 tu, haihitaji waya wa ziada wa umeme, na ziko fupi zinazoingia kwenye maboksi membamba ya ofisini. Ila haina tundu la VGA, lile la waya wa monita za zamani. Mwenye monita ya zamani ya VGA akishaifunga kadi anarudisha waya kwenye lile tundu la zamani la ubao mama kwa sababu ndilo linaloingia, halafu anashangaa gemu bado inagoma. Waya lazima utoke kwenye kadi yenyewe. Nunua kibadilishi cha kutoka HDMI kwenda VGA.

Mengine kwa haraka. Ukinakili gemu kwa rafiki kwa flashi iliyofomatiwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili), faili yoyote inayozidi GB 4 haiingii. Ukiiruka ili kunakili kuendelee, utakuwa na gemu inayofunguka halafu inakwama kwenye kupakia milele. Ifomati flashi kwa exFAT au NTFS. Umeme ukikatika katikati ya kupakua, usifute: kwenye Steam, ile programu ya kununulia na kupakua gemu, bofya kulia jina la gemu, ingia kwenye sifa zake, uzikague faili zake, itapakua zilizoharibika tu. Na Steam yenyewe iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tangu Januari 1, 2024, kwa hiyo kama bado uko huko, usipoteze usiku.

Gemu za flashi za mtaani, zile "zilizofunguliwa", yaani zilizovunjwa kinga ili zichezwe bila kulipiwa, mimi siku hizi nakataa kuzishika. Antivairasi ikizizuia mtu ananiambia niizime. Siizimi.

Mpwa wangu aliizungushia CPU yake kanga tena. Mlangoni akageuka.

"Anko, hiyo kadi shilingi ngapi?"

Nikamwambia amuulize mama yake, na aanze kwa kumweleza zile GB 114.