Bangka, chombo cha Wafilipino, ni ngalawa? Na anito, roho za kule, ni pepo, majini au mizimu?

Dada mmoja wa Tanga anatafsiri maelezo ya picha za mambo ya kale ya Ufilipino, kaniandikia hivi: "Nimeandika 'mtungi wenye mtumbwi wa pepo', mwenzangu kasema nimekosea, niandike 'mashua ya majini'. Nani yuko sawa? Halafu bangka niite ngalawa? Na ni mizimu wamekasirika au imekasirika?"

Haya dada, umefunga maswali matatu kwa kamba moja, nitayafungua ila sitafuata mpangilio wako maana hilo la pepo ndo limenichekesha.

Pepo ni neno la hatari sana kuliacha peke yake. Mvuvi akisikia "mtumbwi wa pepo" anaweza akadhani unaongelea tanga na kusi, kwani wingi wa upepo si ndo pepo? Bi mkubwa msikitini atafikiria Peponi, atasema amina. Wa tatu atauliza nani kapandisha na mganga ameshaitwa au bado. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepata ulichotaka kusema.

Sasa tuiangalie picha yenyewe. Huo ni mtungi wa Manunggul, ulipatikana kwenye pango huko kisiwa cha Palawan mwaka 1964 na timu ya mwanaakiolojia Robert Fox, una umri wa karibu miaka 2,800 na ulikuwa wa kuwekea mifupa, yani maiti anazikwa kwanza, baadaye mifupa inakusanywa na kutiwa mtungini. Juu ya kifuniko kuna chombo kidogo cha udongo na watu wawili ndani. Wa mbele kafumbata mikono kifuani, kafungwa kitambaa kichwani kikapita mpaka chini ya kidevu, vilevile wanavyofungwa maiti ili mdomo usiachame. Wa nyuma ndo anaendesha, kashika mpini wa kafi lakini bapa lake limepotea. Gubeti, yani ncha ya mbele ya chombo, limechongwa sura, lina macho, pua na mdomo. (Wazee wa Lamu wangeielewa hiyo bila kuelezwa, mtepe, chombo chao cha kale cha mbao za kushonwa, nao ulikuwa na macho yake mbele.)

Kwahiyo huyo wa mbele sio pepo wala jini, ni marehemu, ni roho ya mtu anavushwa ng'ambo. Kitenzi chako kiko hapo hapo, kuvusha, ni cha kila siku, Kigamboni watu wanavushwa asubuhi na jioni. Mhispania Miguel de Loarca aliandika mwaka 1582 kwamba watu wa Visaya, visiwa vya katikati ya Ufilipino, waliamini Magwayen anazibeba roho kwenye chombo chake kuzipeleka maisha mengine, we hapo sema tu "Magwayen ndiye mvushaji wa roho" na msomaji wa pwani ameshakuelewa, wala huhitaji kuchagua kama ni mungu wa kike au wa kiume maana Kiswahili hakikulazimishi.

Mwenzako na majini yake naye kateleza. Jini kwetu hakuwahi kuwa mtu, kaumbwa jini na atakufa jini. Anito wa Wafilipino, kwa maana yake ya msingi, ni roho za wazee waliotangulia, ndo zinazopewa chakula na kuombwa ruhusa kabla ya kulima au kusafiri, hiyo kwa Kiswahili ni mizimu, hakuna ubishi. Sehemu nyingine neno limepanuka likachukua na roho za mito na miti, na kuna diwata pia, roho za kimungu, neno lililofika kule kutoka Kisanskriti, hilo liache diwata na ulieleze mara moja mwanzoni. Ila uende taratibu ukifika kwa Wasama Dilaut, wale wanaoishi majini (maji haya ya bahari, unaona lugha yetu inavyotutega!) huko Sulu na Tawi-Tawi, kusini mwa Ufilipino. Wao dini yao imechanganyika na Uislamu, neno jin wanalo kabisa kutoka Kiarabu kama sisi, ukiandika jini hapo hujakosea. Wana desturi kwamba maradhi yakizidi wanatengeneza chombo kidogo, roho zinazoleta ugonjwa zinabembelezwa zipande humo halafu chombo kinasukumwa kiende bahari kuu. Hapo neno kupunga, yani kumtoa mtu pepo, linakaribia, lakini sisi tunampunga mtu, wao wanakisafirisha kile kinachomgonjwesha. Mi ningeandika "kuyasafirisha maradhi".

Bangka je? Ngalawa inafaa, tena kuliko unavyodhani. Bangka ina magogo ya pembeni kushoto na kulia kama ndubi zetu, wao wanayaita katig, na wataalamu wengi wanaona umbo la ngalawa lilitufikia kutoka kwa mabaharia wa huko huko kusini-mashariki mwa Asia, jamaa za wale waliohamia Bukini, yani Madagaska. Mtumbwi hapana, mtumbwi ni gogo lililochongwa likabaki hivyohivyo. Na jahazi ndo kabisa usiliguse, ukisema jahazi msomaji anaona tanga la Kiarabu na mzigo wa boriti.

Balangay ni kesi nyingine. Hii ni kubwa, ya mbao, mabaki yake yalichimbuliwa huko huko Ufilipino, mji wa Butuan, kuanzia 1976, mbao zimeunganishwa ubavu kwa ubavu kwa vijiti vya mti vinavyoingia ndani, halafu kwa ndani zimeachwa vinundu vyenye matundu vya kufungia mataruma, yani mbavu za chombo, kwa kamba. Utashawishika uite mtepe. Usiite. Mtepe ulishonwa, kamba ya makumbi inapita mbao kwa mbao kama uzi kwenye kanzu, balangay imechomekwa na kufungwa. Andika balangay, mara ya kwanza sema "chombo cha mbao", basi. Na jina lenyewe lina utamu wake, kule barangay ndo ngazi ya chini kabisa ya serikali, ziko zaidi ya 42,000, mana hapo zamani watu wa chombo kimoja na ndugu zao walikuwa jamii moja chini ya mkubwa mmoja. Ukikutana nayo kwa maana hiyo tafsiri "mtaa" au "kijiji". Na please usianze kuniambia eti ndo maana sisi tunasema vyombo vya dola, chombo kwetu ni kifaa chochote hata sufuria, bahari ilikikuta tayari.

La sarufi. Mzimu umekasirika, mizimu imekasirika, kama mti na miti. Wanaosema "mizimu wamekasirika" wanafuata uhai, nawasikia kila siku na siwapigi faini, lakini kwenye maandishi yako baki na i-. Roho nazo: roho imevuka, roho zimevuka.

Maelezo ya picha yako basi yaandike hivi: "Mtungi wa mifupa. Juu ya kifuniko, chombo kinavusha roho ya marehemu. Yeye yuko omo, mpiga kafi yuko tezi." Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Nimeona kwenye rasimu uliandika kasia, libadilishe, kasia linafungwa kwenye kishwara, kitanzi cha kamba, na mvutaji anakupa kisogo anakokwenda. Huyu wa Manunggul anatazama mbele.