Jibu: Mama ana baridi yabisi (rheumatoid arthritis, kinga ya mwili kushambulia viungo), je, nipime jeni kujua kama nitaugua?

Hapana, hela hiyo itunze. Jeni inayohusika zaidi ni HLA-DRB1, lakini wengi wenye aina zake hatarishi hawaugui kamwe. Hata mapacha wa kufanana: mmoja akiugua, mwenzake huugua kwa takriban 15 tu kati ya 100.

Jambo lililo mikononi mwako ni sigara. Utafiti wa EIRA wa Sweden, katika matokeo ya 2006, ulionyesha kuwa mvutaji aliyerithi nakala mbili hatarishi za jeni hiyo ana hatari mara 21 ya kupata baridi yabisi yenye kingamwili za anti-CCP (zinazoshambulia protini za mwili zilizobadilika) kwenye damu, akilinganishwa na asiyevuta wala kurithi. Inaelekea moshi hubadilisha protini za mapafuni, kinga ikaziona ngeni. Ukiacha, hatari hushuka, ila polepole, kwa miaka. Wapasua mawe nao wajikinge na vumbi la silika litokalo kwenye mawe, kwani nalo huongeza hatari.

Vidole vikivimba, au vikakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, muone daktari ndani ya wiki 6, uulizie kipimo cha damu cha anti-CCP. RF (rheumatoid factor, kingamwili nyingine inayopimwa kwenye damu) peke yake hupotosha: homa ya ini C au kifua kikuu huweza kuipandisha. Na anti-CCP ikiwa hasi, ugonjwa bado unaweza kuwepo. Viungo vyenyewe vikaguliwe kwa mkono.