Jibu: Mpango ninao, wa kunisimamia sina

Ndugu, umeuliza utajibana vipi kufuata mpango wa mwaka wa biashara yako wakati bosi ni wewe mwenyewe. Kwanza mwaka ni mrefu mno. Ukate vipande vya miezi 3, kila kipande malengo 2 basi, tena ya kuhesabika: “kuongeza mauzo” ni dua tu, lakini “kupigia wateja 5 wa zamani kila Jumatatu” mtu anaweza kukuuliza kama umefanya.

Na huyo wa kukuuliza ndiye kazi. Mimi kila Ijumaa jioni namtumia mfanyabiashara mwenzangu picha ya ukurasa wa daftari: mauzo, matumizi, madeni. (Mke wangu nilimjaribu, akawa ananionea huruma.) Wiki niliyochota hela ya biashara bila kuandika, jamaa aliligundua pengo kabla sijaanza kujitetea.