Kabla ya Kushusha Giaboksi: Namna ya Kuutambua Ugonjwa wa Klachi

Klachi ya kwanza niliyowahi kubadilisha ilikuwa nzima. Gari lilikuwa limeanza kugoma kuingia gia, rivasi ikikwaruza kwa sauti ya kutia aibu, na fundi niliyempelekea alisikiliza maelezo yangu kwa dakika moja kisha akatoa hukumu kwamba klachi imekwisha. Nilinunua seti nzima, giaboksi ikashushwa, na diski ya zamani, yaani sahani ya klachi inayolika kwa kusuguana, ilipotolewa niliona kwa macho yangu kwamba bado ilikuwa nene, haijakaribia hata vichwa vya ribiti, zile pini zinazoshikilia uso wake wa kusuguana. Gari lilipofungwa tena, rivasi ilikwaruza vilevile. Kasoro ilikuwa kwenye silinda ndogo ya klachi, ile iliyofungwa kwa nje ubavuni mwa giaboksi, ambayo ingebadilishwa bila kushusha chochote.

Kosa letu lilikuwa kutojiuliza klachi inashindwa kufanya nini. Klachi ina kazi mbili tu: kuishika injini na giaboksi ili zizunguke pamoja unapoachia pedali, na kuzitenganisha unapoikanyaga. Klachi isiyoshika na klachi isiyoachia ni magonjwa mawili yanayopingana, na ingawa wengi huyaita yote kwa jina moja, chanzo cha moja ni nadra kuwa chanzo cha jingine.

Klachi isiyoshika hujitambulisha kwa resi. Unakanyaga mafuta, mlio wa injini unapanda, lakini kasi ya gari haiongezeki kwa kiwango hichohicho. Dalili hii huanza kwenye gia kubwa na mlimani, hasa gari likiwa na mzigo, kwa sababu hapo ndipo diski hubebeshwa nguvu nyingi zaidi. Mtu anayeendesha taratibu kwenye barabara tambarare anaweza kukaa nayo muda mrefu bila kuigundua. Kipimo ninachokiamini ni kutafuta barabara iliyo wazi, kuingiza gia ya nne kwenye mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kisha kukanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mzunguko wa injini ukiruka ilhali ule wa kasi umezubaa, klachi inateleza. Wapo wanaopima gari likiwa limesimama, kwa kuvuta hendibreki, kuingiza gia ya tatu na kuachia pedali polepole wakitarajia injini izimike. Kipimo hicho kinafaa, mradi hakuna mtu mbele ya gari na hakirudiwi mara nyingi, kwa kuwa kila jaribio huichoma diski. Lakini klachi iliyoanza tu kuteleza inaweza kukifaulu na bado ikakuangusha mlimani.

Kuteleza si lazima kumaanishe kwamba diski imelika. Kwenye gari ambalo pedali huivuta klachi kwa waya, waya uliokazwa kupita kiasi hufanya kazi ya mguu usioonekana, ukiikanyaga klachi kidogo muda wote, na dereva anayepumzisha mguu wake juu ya pedali hufanya vivyo hivyo. Oili nayo, ikivuja kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini au sili ya mbele ya giaboksi na kufika kwenye diski, huiharibu hata ikiwa mpya. Ukifunga seti mpya bila kuziba mahali oili ilipotoka, utarudi kwa fundi mapema sana.

Klachi isiyoachia ndiyo iliyonisumbua mimi, na ndiyo inayohitaji subira zaidi kabla ya kutoa fedha. Zima injini, kisha ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa inaunguruma, klachi haitenganishi kikamilifu. Kisha washa injini, kanyaga pedali mpaka chini, subiri sekunde tano hivi, na uingize rivasi, ambayo kwenye giaboksi nyingi haina kifaa cha kulinganisha mzunguko na kwa hiyo haifichi kitu. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, diski bado inazungushwa.

Hapo usikimbilie diski. Kanyaga pedali mara tano au sita kwa haraka, kisha jaribu gia tena: zikiingia vizuri, jua kwamba kuna hewa ndani ya mfumo wa mafuta ya klachi, yale yanayopeleka msukumo wa pedali hadi kwenye klachi, au mafuta hayo yanavuja. Angalia chupa ya mafuta hayo, ambayo kwenye magari mengi ndiyo hiyohiyo ya breki; chungulia juu ya pedali, mahali masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, inapoingilia ndani ya gari; kisha funua mpira wa vumbi wa silinda ya chini, ile ndogo ya ubavuni mwa giaboksi. Mimi nilipoufunua wa kwangu, baada ya gharama zote zile, mafuta yalinitiririkia mkononi. Kwenye baadhi ya magari silinda hiyo imewekwa ndani, ikizunguka shafti ya giaboksi, na hapo kweli hakuna njia ila kushusha. Gari linalotumia waya lina uchunguzi mfupi zaidi: waya huweza kuwa umelegea au umeanza kukatika nyuzi.

Sauti nazo husema. Mlio unaotokea unapokanyaga pedali na kutoweka unapoiachia kwa kawaida hutoka kwenye rilizi beringi, ile inayoisukuma klachi iachie. Ule unaosikika gari likiwa nyutro na kunyamaza unapokanyaga hutuhumu beringi za shafti ya giaboksi, na kubadilisha klachi hakutausaidia. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, tazama kwanza mipira inayoshikilia injini, kwa sababu iliyochakaa huiga klachi mbovu kwa ustadi mkubwa.

Ikithibitika kwamba giaboksi lazima ishuke, badilisha diski, presha pleti (sahani inayoibana diski) na rilizi beringi kwa pamoja, kwa kuwa ufundi wa kuzifikia ni uleule. Kabla fundi hajafunga, mwombe akuonyeshe uso wa flaiwili, gurudumu la injini ambalo diski hubanwa juu yake, kama una nyufa au madoa ya buluu ya kuungua, na akupe diski ya zamani mkononi uitazame unene wake.