Maswali Yenu: Siku moja St Helena, nione nini?

SWALI: Salaam mhariri. Mimi baharia wa Mombasa, meli yetu ya watalii itatia nanga St Helena, kile kisiwa cha Waingereza katika Atlantiki ya Kusini, siku moja tu. Nifuate matembezi ya wanyama au ya historia?

JIBU: Ndugu yangu usichague, tafuta mwongozaji anayepitia yote. Kobe Jonathan anaishi kwenye bustani ya gavana, aliletwa toka Ushelisheli 1882 akiwa mkubwa tayari, siku hizi haoni ila masikio mazima kabisa, nyamaza kidogo utamsikia anavyokata majani kwa mdomo. Halafu nyumba ya Longwood, alikofia Napoleon 1821, kaburi lenyewe tupu maana mwili ulirudishwa Ufaransa 1840.

Lakini kwetu sisi wa pwani kubwa zaidi ni Seyyid Khalid bin Barghash, yule aliyejitangaza sultani, wa vita vya Zanzibar vya 1896 vilivyoisha hata saa haijatimia, baadaye Waingereza walimpeleka uhamishoni hukohuko St Helena, mwisho akaja kufia hapohapo kwenu Mombasa 1927, na wageni wengi hawamuulizii kabisa. Wewe muulizie tafadhali.

Ukishuka kwenye boti shika kamba sawasawa, mawimbi ya pale gatini hayana mchezo.