Sauti inapita lakini transmita haiwaki: pima mkondo kabla ya kununua bodi

Mkuu, umesema mkibonyeza kitufe cha kusema pale ofisini transmita (kifaa cha kurushia sauti ya redio) ya kilimani haiwaki, ingawa sauti za madereva mnazipata safi kwa laini hiyohiyo. Ukaona basi laini ni nzima, na sasa unataka kuagiza bodi mpya ya saketi. Usitoe hela bado. Nimehudumia mtambo wa aina hiyo kwenye shamba la chai: ofisi bondeni, transmita kilimani, katikati jozi moja ya nyaya za simu, kama kilomita 3.

Sauti ni AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo kila mara. Inavuka transfoma, inavuka kapasita, wala haijali waya upi umefungwa wapi. DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja ambao kitufe hutuma kuwasha transmita, inataka shaba mwanzo mpaka mwisho, na inataka chanya ikae kwenye chanya. Mitambo mingi ya zamani hutumia +6 mA (miliampia, kipimo cha mkondo) kuwasha transmita, +12 mA kuiwasha kwenye chaneli ya pili, na −2.5 mA kuondoa kizuizi cha toni kwenye kipokezi (kinachonyamazisha wasio na mlio maalum) ili usikie kila anayeongea. Sasa nyaya zikigeuzwa, unabonyeza kutuma, mtambo unapata mkondo hasi, ambao si amri ya kutuma.

Mimi yalinikuta. Mti uliangukia laini, mafundi wakaunga waya jioni, asubuhi transmita kimya. Nilipoteza siku mbili nikifungua mtambo, nikabadilisha hadi rilei, ile swichi inayovutwa na umeme. Siku ya tatu nikageuza zile nyaya mbili kwenye terminali, nikampigia mwenzangu ofisini abonyeze, rilei ikalia "ta!" Siisahau ile sauti.

Kosa langu lilikuwa kupima volti. Kifaa cha ofisini kimeundwa kusukuma mkondo uleule hata laini iwe ndefu, kwa hiyo waya ukikatika kinapandisha volti hadi mwisho wa uwezo wake. Unaweka mita, unaona volti nyingi, unaamini kila kitu kiko sawa, kumbe hakuna kinachotembea. Chomoa waya mmoja kule kilimani, pitisha mita hapo katikati ikiwa kwenye skeli ya 20 mA, mwenzako abonyeze. Kisha fanya vivyo hivyo ofisini. Urefu wa laini usikutishe: waya wa 0.4 mm una takriban ohm 280 kwa kilomita, kwenda na kurudi. Kilomita 3 ni ohm 840, na kwa 6 mA unapoteza volti 5 tu.

Ofisini ikisoma 6 na kilimani 2 au 3, kuna mahali panavuja. Kwetu ilitokea masika: kiboksi cha kuungia chini ya nguzo kilijaa maji, shaba imeota ukoko wa kijani. Nilikata, nikaunga upya kwa risasi ya kulehemu, nikajaza grisi ya nyaya. Ilikaa.

Kilimani ikisoma sifuri, waulize wenye laini kama wamewahamishia kwenye mtambo wa kidijitali au wameweka transfoma njiani. Hapo DC haitapita hata ufanye nini. Mtahitaji vifaa vya kuwashia kwa toni, yaani mlio maalum, ile ya 2175 Hz, ambayo husafiri kama sauti. Binafsi ningepigania shaba yangu kwanza, maana DC hata mita ya bei rahisi inakuonyesha tatizo liko upande gani.

Wingu la radi likiwepo usiguse hizo nyaya. Ukishapima, weka hapa namba zote mbili pamoja na alama zake, chanya au hasi.