Miezi mitatu ya vipimo vya upepo haitoshi
Ndugu, umeuliza kama vipimo vya upepo vya miezi 3 vinatosha kuchagua mitambo ya mradi wenu wa umeme wa upepo. Havitoshi. Nguvu iliyomo katika upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake (kasi mara kasi mara kasi), hivyo kasi ikiongezeka kwa asilimia 10 tu, nguvu huongezeka kwa takriban asilimia 33, na kosa la makadirio linaloonekana dogo karatasini linaweza kuuangusha mradi mzima. Nakusihi mpime kwa angalau miezi 12, ili misimu yote iingie, kwenye kimo kinachokaribia kile cha kitovu cha mapanga ya mtambo (pale katikati mapanga yanayozungushwa na upepo yanapoungana), kisha mlinganishe matokeo na takwimu za miaka mingi za eneo hilo. Uchaguzi wa mitambo usubiri.